Ovuli Kwenye Njia ya Misafara ya Tabora

Nyuzi za pamba ni nywele za ovuli. Kila uzi ni seli moja, ndefu kupita kiasi, iliyochomoza kwenye ngozi ya nje ya ile punje laini inayokaa ndani ya ua na ambayo, ikishatungishwa, hugeuka kuwa mbegu. Siku ua la mpamba linapofunguka, likiwa bado na rangi ya maziwa, takriban robo ya seli za ngozi hiyo huanza kuvimba. Kesho yake ua huwa la waridi na kunyauka, lakini seli zile huendelea kurefuka kwa karibu wiki 3 hadi zifikie sentimita 2 na nusu au 3. Baadaye kuta zake hujaa selulosi, na kitumba kikipasuka zinakauka na kujisokota. Mwaka 1973 Beasley na Ting, watafiti wa Marekani, walizitoa ovuli ndani ya kitumba kichanga cha pamba wakaziweka kwenye chupa yenye maji ya virutubisho na homoni. Zikaota nyuzi humo humo chupani, bila mti wala shamba.

Naanza na pamba kwa sababu njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji, iliendeshwa kwa nguo. Hongo ya watemi ililipwa kwa nguo, posho ya wapagazi ilinunuliwa kwa nguo, pembe za ndovu zilibadilishwa kwa nguo, na binadamu vilevile. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na mji tunaouita Tabora leo, Novemba 1857, walikuta bei zikitajwa kwa shuka na doti, vipimo vya nguo. Nguo iliyokubalika karibu kila mahali ilikuwa merikani, kitambaa kizito kisichopaushwa kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kufikishwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Pamba ya viwanda hivyo ilichumwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko vilipozuka mwaka 1861, merikani iliadimika Unguja, na nguo za Uingereza na India zikashika nafasi yake. Kwa hiyo sarafu iliyonunua mateka katika bara letu ilitengenezwa kwa ngozi ya ovuli zilizochumwa na mateka wa bara lingine. Sijui historia nyingine ya mimea iliyo nzito kuliko hiyo.

Shuleni ovuli huja kama michoro sita ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi huandika jina chini ya kila mchoro, hupata alama, na mambo yanaishia hapo. Tabora ni mahali pa kufanya vizuri zaidi ya hivyo. Huu ni mji wa shule za zamani. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliporudi kutoka Makerere mwaka 1945, alifundisha biolojia katika shule ya St. Mary's hapo mjini. Na maswali makubwa ya mkulima wa ukanda huu, kwa nini gunzi lina mapengo, kwa nini mpunga umetoa mapepe, kwa nini kokwa moja la embe limechipua miche mitatu, yanajibiwa ndani ya ovuli. Maoni yangu ni kwamba maumbo na aina za ovuli hazieleweki mpaka zifuatwe hadi kwenye mazao yenyewe.

Tuanze na umbo. Chukua haragwe, liloweke usiku kucha, asubuhi lifute kwa kitambaa. Upande uliobonyea kuna kovu jeupe lenye umbo la yai. Hapo ndipo ovuli iliposhikwa kwenye ganda na kikonyo chake, kiitwacho funikali, na ndipo chakula kilipopitia. Sasa libane haragwe kwa vidole viwili na kulitazama kwa karibu. Kando kidogo ya kovu, kwenye tundu ambalo haragwe likiwa kavu hulioni, litatokeza tone la maji. Tundu hilo ni maikropaili. Nehemiah Grew, tabibu wa Kiingereza, alilieleza mwaka 1672 katika mbegu za jamii ya maharage. Ilichukua zaidi ya miaka 150 kabla ya Mwitaliano Giovanni Battista Amici, mwaka 1830, kuufuata mrija wa chavua kwa hadubini mpaka akauona ukiingia kwenye ovuli kupitia tundu hilohilo. Ukilimenya haragwe utaona pia kwamba ncha ya mzizi mchanga imeelekea palepale. Kanuni hii ni ya mimea yote ya maua: mzizi wa kiinitete huelekea maikropaili.

Ovuli imefunikwa na ngozi moja au mbili ziitwazo integumenti. Ngozi hizo hazikutani kabisa kwa juu, na mwanya unaobaki ndio maikropaili. Upande wa pili, chini, zinaungana na kiini cha ovuli mahali paitwapo kalaza, na mishipa ya chakula huishia hapo. Kiini chenyewe huitwa nuseli: rundo la seli za mama, zilizo hai na zenye kazi, ambazo vitabu vingi huzipita haraka lakini sisi tutazirudia tukifika kwenye maembe. Ndani ya nuseli umo mfuko wa kiinitete, na ndani ya mfuko limo yai.

Mfaransa Mirbel ndiye aliyezipanga ovuli kwa maumbo, mwaka 1829, na mpango wake bado unatumika. Alitazama jambo moja: kikonyo, kalaza na maikropaili vimekaaje vikilinganishwa. Vikiwa kwenye mstari mmoja, tundu likiwa juu kabisa mbali na kikonyo, ovuli ni nyoofu, othotropasi. Pilipili manga ya pwani ni ya namna hiyo. Kila tunda lake lina ovuli moja iliyosimama wima chini ya ovari. Ovuli ikipinduka yote mpaka tundu likaangalia chini na kulala kando ya kikonyo, ni anatropasi. Mwili wake wenyewe haujapinda. Umegeuzwa kichwa chini. Ikiwa mwili ndio uliopinda kama figo, tundu na kalaza vikakaribiana, ni kampilotropasi, na maharage na kunde ni mfano wetu wa kila siku. Ndiyo sababu mzizi wa haragwe umelala kando ya kovu badala ya kuwa ncha ya upande wa pili.

Wataalamu waliomfuata Mirbel waliongeza nyingine. Kuna iliyogeuka nusu tu ikalala kwa ubavu, na kuna iliyopinda kiasi kwamba hata mfuko wa ndani umekuwa kama kiatu cha farasi. Mchicha uko karibu na kundi hilo la waliopinda: mbegu yake nyeusi inayong'aa ina kiinitete kilichozunguka kama pete, na katikati ya pete chakula si endospemu, tishu ya chakula tutakayoifikia baadaye, bali ni nuseli iliyobaki. Ya mwisho ni ya ajabu kuliko zote. Katika mpungate, ambao wengine huuita dungusi, kikonyo kinarefuka na kuizunguka ovuli mzunguko mzima, kinaifunika, na mbegu ikikomaa kikonyo hicho kimekuwa ganda gumu kama mfupa. Anayekula tunda la mpungate hutema vikonyo.

Lakini aina hizi hazina uzito sawa, na kuzichora sita kwa ukubwa mmoja ubaoni kunapotosha. Zaidi ya familia nne katika kila tano za mimea ya maua zina ovuli iliyogeuzwa kichwa chini. Pamba, embe, alizeti, tumbaku, mbarika, nyanya, zote. Sababu yake inaonekana ukifikiria safari ya mrija wa chavua. Mrija hushuka kutoka stigma, hupita kwenye staili, na kuingia katika ovari ukitambaa ukutani, palepale ovuli zilipoota. Ovuli iliyogeuka imeleta mlango wake jirani na ukuta huo. Kwenye ovuli nyoofu mlango uko upande wa mbali, na mara nyingi mimea yenye ovuli za namna hiyo ina moja tu ndani ya ovari, iliyokaa chini kabisa, hivyo mrija unaotoka juu unakutana nayo moja kwa moja.

Kuna mgawanyo mwingine ambao shuleni hupewa sentensi moja, ingawa kwa maoni yangu unaeleza mengi kuliko maumbo yote sita. Ni unene wa nuseli na idadi ya ngozi. Pamba, embe, mbarika na kunde zina ngozi mbili na nuseli nene. Alizeti, tumbaku, ufuta, nyanya na kahawa zina ngozi moja tu na nuseli nyembamba, ambayo kwa mingi kati ya hiyo huwa imetoweka kabla hata yai halijatungishwa. Ovuli za kundi la pili ni nafuu kutengeneza. Mmea ukitaka unaweza kuzitoa kwa maelfu bila kufilisika, na magugu yanalijua hilo. Kiduha, kinachonyonya mizizi ya mtama na mahindi katika mashamba yaliyochoka ya Nzega na Igunga, hutoa mbegu kama vumbi, makumi ya maelfu kwa mche mmoja, na zinakaa ardhini miaka mingi zikingoja mzizi upite. Udogo huo ulianza kwenye ovuli yenye ngozi moja.

Ndani ya mfuko wa kiinitete, kwa mimea kama saba katika kila kumi, kuna seli 7 zenye viini 8. Mjerumani Strasburger aliuona mpangilio huu mwaka 1879. Karibu na maikropaili kuna yai na wasaidizi wake wawili, sinejidi. Upande wa kalaza kuna seli 3 ambazo katika mimea mingi hazidumu. Katikati imetanda seli moja kubwa yenye viini 2. Mrija wa chavua ukiingia unaleta mbegu mbili za kiume, na mwaka 1898, mjini Kiev, Sergei Nawaschin alionyesha kwamba zote mbili zina kazi: moja huungana na yai na kufanya kiinitete, nyingine huungana na seli ya katikati na kufanya endospemu, chakula cha mtoto. Mrija haubahatishi njia. Tetsuya Higashiyama na wenzake huko Japani walionyesha mwaka 2001 kwamba sinejidi ndizo zinazouita, na mwaka 2009 wakazitambua protini zinazotumwa kuuita.

Endospemu mtu wa Bagamoyo anaijua bila kuambiwa jina. Dafu likitobolewa, maji yanayonywewa ni endospemu ambayo bado haijajigawa seli, viini vingi vikiogelea ndani ya mfuko wa kiinitete uliovimba hadi ukubwa wa bakuli. Nyama ya nazi ni endospemu hiyo hiyo iliyojijenga seli kutoka ukutani kuja ndani. Ukishaifua nazi utaona macho matatu. Ni alama ya kapeli tatu, yaani vipande vilivyounda ovari, na kila moja ilikuwa na nafasi ya ovuli. Moja tu hufaulu, na jicho lake ndilo laini, mche huchomozea hapo. Ukiifuata njia mpaka mwisho wake, Ujiji na Kigoma, unakutana na mchikichi, ambao nao kokwa lake lina matundu matatu na kwa kawaida kiini kimoja. Njia yote ya misafara, kutoka bahari hadi ziwa, ina mnazi mwanzoni na mchikichi mwishoni, na miti yote miwili ilipoteza ovuli mbili ili kuikuza moja.

Hesabu hii ya ngapi zipo na ngapi zinafaulu ndiyo waliyoishughulikia wataalamu wa kuipa mimea majina. James Grant, aliyefika Kazeh na Speke mwanzoni mwa 1861 na kukaa miezi mingi Unyamwezi, alikusanya na kukausha mimea njia nzima hadi Misri. Vielelezo vyake vilikwenda Kew, London, na orodha ya mimea ya safari hiyo, ikisimamiwa zaidi na Daniel Oliver, ilichapishwa kati ya 1872 na 1875. Kazi ya namna ile haiwezekani bila wembe. Ua lililokauka huloweshwa, ovari hukatwa kwa upande, na mtaalamu huangalia ina vyumba vingapi, ovuli ngapi kwa kila chumba, zinaning'inia au zimesimama, zimeshikwa katikati au ukutani. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilichoanza kutoka mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, chenye spishi zaidi ya 12,000, kinamuuliza msomaji maswali hayohayo katika kurasa nyingi sana. Ua lililosafiri kichwani mwa mpagazi kutoka Unyanyembe lilipata jina kwa kuhesabiwa ovuli.

Kwa mkulima hesabu hiyo ni njaa au shibe. Hakuna mmea unaoionyesha wazi kuliko mahindi. Kila unywele unaochungulia kwenye ncha ya hindi changa ni wa punje moja: mwisho wake wa chini umeshika ovari moja yenye ovuli moja. Chembe ya chavua inayodondoka kutoka kwenye mbelewele ikitua juu ya unywele huota mrija, na mrija huo unapaswa kusafiri sentimita 20 au zaidi ndani ya unywele kabla ya kuifikia ovuli yake, kazi inayomalizika kwa muda wa siku moja hivi. Tabora hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mara nyingi katikati, Januari au Februari, mvua husimama. Kiangazi hicho kikikuta mahindi yanachanua, mbelewele hutoa chavua kwa wakati wake lakini nywele huchelewa kutoka kwa kukosa maji. Zinapotoka chavua imekwisha. Gunzi linaweza kusomwa: nywele za punje za kwenye ncha ndizo hutoka mwisho, kwa hiyo ncha tupu inasema nywele zilichelewa, na mapengo yaliyotawanyika gunzi zima yanasema chavua ilikuwa haba. Mwenye kuijua lugha hiyo hatamlaumu muuza mbolea kwa kosa la mvua. Mapepe ya mpunga na alizeti, ganda likiwa kamili na ndani hamna kitu, ni habari hiyohiyo. Katika alizeti mara nyingi kilichokosekana ni nyuki.

Na Tabora ni nchi ya nyuki. Misitu ya miombo, mtundu ukichanua kabla mvua hazijaanza na muba ukichanua mvua zinapokatika, ndiyo inayojaza mizinga ya Sikonge na Kaliua, na chuo cha ufugaji nyuki kiko Tabora kwa sababu hiyo. Miti hii ni jamii ya kunde. Ganda lake lililokauka likifunguliwa huonyesha mbegu nzuri na kati yake vinundu vidogo bapa: ovuli ambazo hazikutungishwa au ziliachwa njiani na mama. Mninga ni mbahili zaidi. Ovari yake ina ovuli chache tu, na tunda lake la mviringo, lenye bawa pembeni na miiba katikati, kwa kawaida hubeba mbegu moja, mara chache mbili. Mbegu hiyo inachukua muda mrefu kuota, na mche wake huunguzwa na moto miaka mingi kabla haujapata kimo. Mti unaotoa mbao bora kuliko zote katika ukanda huu unazaa kwa uchache namna hiyo, na sisi tunaukata kwa kasi ya mmea unaozaa kama kiduha.

Moto wa mabani ya kukaushia tumbaku unahusika na ukataji huo, na hapa tunafika kwenye mmea ulioubadilisha mkoa kuliko mwingine wowote katika miaka 70 iliyopita. Ovari ya tumbaku ina vyumba viwili, na katikati ya kila chumba kumevimba donge lililofunikwa na ovuli pande zote, zilizobanana zisiache hata nafasi ya sindano. Kitumba kimoja kinaweza kutoa mbegu 2,000 na zaidi, na gramu moja ya mbegu ina chembe zaidi ya 10,000. Udogo huo ndio unaomlazimisha mkulima kuanza na kitalu, kuchekecha mbegu pamoja na majivu au maji, na kuiotesha kwa uangalifu wa kulea kichanga. Mche ukishapevuka shambani, kazi ya kwanza ya mkulima ni kuvunja kichwa cha maua. Ovuli zote zile zinatupwa kabla ya kuona chavua, ili nguvu ya mmea irudi kwenye majani. Zao kuu la Urambo ni zao la kuizuia mbegu. Mfugaji nyuki jirani yake anaishi kwa maua yaliyoachwa yachanue kwenye miti ambayo bani linaihitaji kwa kuni. Mvutano huu ninauona kuwa jambo kubwa zaidi la uchumi wa Tabora, na hautatuliwi kwa kuwataka wakulima wapande miche michache ya mikaratusi.

Kabla ya tumbaku, Urambo ilipewa karanga. Serikali ya Uingereza ilipanga mwaka 1946 kulima karanga kwenye ekari milioni 3.2 za Afrika Mashariki na Kati, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, na kazi ikaanza mwaka 1947 Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Kongwa na Urambo zote ziko kwenye ukanda wa njia ya zamani ya misafara. Mradi ulivunjwa Januari 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Sababu zake zimeandikwa sana: matrekta yaliyoharibika, mvua chache, haraka ya wanasiasa. Upande wa ovuli hautajwi.

Ua la karanga ni la manjano, huchanua alfajiri kwenye kikwapa cha jani, hujichavusha lenyewe na kunyauka siku hiyohiyo. Ovari yake ni ndogo, ina ovuli mbili hadi nne. Baada ya kutungishwa, kiinitete hujigawa mara chache kisha husimama. Tishu iliyo chini ya ovari huanza kurefuka na kuwa kidole cha rangi ya zambarau kinachoelekea ardhini, na ovari imo kwenye ncha yake, imebebwa kama mkuki unavyobeba chembe. Kidole kikizama udongoni, kwenye giza, ncha hugeuka ikalala kwa ubavu, na ndipo kiinitete kinaamka na kuendelea kukua. Kikibaki juu, kwenye mwanga, ovuli zile hazitaendelea. Ganda likiwa chini halipati kalisi ya kutosha kutoka kwenye mizizi. Linainyonya lenyewe kwenye udongo unaolizunguka, na udongo ukiwa maskini wa kalisi ganda hutoka tupu. Kwa hiyo karanga inadai udongo wa juu uwe laini wakati vidole vinashuka, uwe na kalisi, na ukubali kufunguka tena wakati wa kuvuna. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao ukikauka hukaza kama sakafu. Wagogo waliijua ardhi yao. Wapangaji wa London walikuwa na ramani. Tabia moja ya ovuli ingetosha kuwafanya wajaribu kwanza ekari chache kwa misimu kadhaa.

Nimeacha mwembe kwa makusudi, maana ndio mti wa njia hii. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji miembe mikongwe inaonyesha zilipopita safari na zilipolala, na Tabora mjini vivuli vyake bado vinatumika. Wapo wasemao iliota kutokana na makokwa yaliyotupwa na wapagazi na mateka, na wapo wasemao ilipandwa na wafanyabiashara wa pwani kwenye vituo vyao. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa miti tofauti.

Kishada kimoja cha maua ya mwembe kina maua mamia, pengine maelfu, mengi yakiwa ya kiume tu. Yale yenye ovari yana ovuli moja moja, na hata katika hayo ni machache mno yanayofikia kuwa embe lililoiva. Ovuli hiyo imegeuzwa kichwa chini kama za wengi, ina nuseli nene, na katika maembe mengi ya kienyeji ya Afrika Mashariki nuseli hiyo hufanya jambo ambalo pamba na kunde haziwezi. Mrija wa chavua unaingia, yai linatungishwa kama kawaida, lakini pembeni, kwenye kuta za mfuko, seli za nuseli nazo zinaanza kujigawa na kuunda viinitete. Hizi ni seli za mama tupu. Hakuna chavua iliyochangia kitu ndani yake. Hukua kuelekea ndani ya mfuko, hula endospemu ileile, na mara nyingi humzidi nguvu yule mmoja mwenye baba. Leeuwenhoek aliona kitu cha namna hii mwaka 1719 katika mbegu za machungwa. Kwetu unaweza kulipasua ganda la kokwa la embe kwa panga, taratibu, ukatoa ndani yake vipande vitatu au vinne vya kijani vilivyokunjamana, kila kimoja na mzizi wake. Vikipandwa, vingi vyake ni mama yao yuleyule amezaliwa upya.

Fikiria maana ya hilo kwa njia isiyokuwa na kitalu, wala mtu wa kubebesha miche. Embe tamu la pwani likiliwa na kokwa likatupwa Ugogo, mti unaoota huweza kuwa na utamu uleule, na kokwa la mti huo likifika Unyanyembe vilevile. Kwa mimea mingi mingine ya matunda kila kizazi cha mbegu ni kucheza kamari. Mwembe ulipita maili mamia bila kupoteza sifa zake kwa sababu ya tabaka la seli ambalo kwenye mchoro wa darasani huandikwa neno moja tu pembeni.

Wafugaji wa mbegu za nafaka wamelitamani jambo hilo kwa miaka mingi. Mahindi na mpunga wa chotara huzaa vizuri kizazi cha kwanza tu. Mbegu ukizihifadhi mwenyewe, kizazi kinachofuata huchanganyika na mavuno hushuka, hivyo kila msimu lazima kununua upya. Mwishoni mwa 2018 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, kilitangaza mpunga uliobadilishwa jeni ambao baadhi ya mbegu zake ni nakala kamili za mama. Njia yao si ya mwembe: walilifanya yai lenyewe lianze kujigawa bila kutungishwa, badala ya kuitumia nuseli, na endospemu bado ilihitaji chavua. Kazi hiyo imeendelea tangu wakati huo, ikiongeza sehemu ya mbegu zinazotoka zikiwa nakala.

Ikifika kwenye mahindi, mkulima wa Uyui ataweza kutenga magunzi mazuri ya chotara na kuyapanda mwaka unaofuata bila kwenda dukani, ikiwa mikataba ya mwenye hataza itamruhusu. Hilo la pili halitaamuliwa maabara. Tanzania ina sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu tangu 2012, na ni katika kuisoma sheria hiyo, kifungu kwa kifungu, mbegu ya shambani ikiwa akilini, ndipo vyama vya wakulima vya Tabora vinapaswa kuanza sasa, kabla mbegu hizo hazijafika.